Raúl Juliá Hakujidhalilisha

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1994 Raúl Juliá, mwigizaji wa Puerto Rico aliyekuwa na jina kubwa katika majukwaa ya New York, alikubali kumcheza Bison, adui mkuu katika Street Fighter, filamu ya mapigano iliyotokana na gemu ya kampuni ya Kijapani ya Capcom. Huyu ni mtu aliyekwisha kuteuliwa mara nne kuwania Tony, tuzo kuu ya maigizo ya jukwaani kule Marekani. Steringi wa filamu alikuwa Jean-Claude Van Damme. Picha zilipigwa Thailand na Australia, na wakati huo Juliá alikuwa na saratani ya tumbo. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1994, akiwa na miaka 54. Filamu ikatoka Desemba, yeye yuko kaburini. Wahakiki waliiponda vibaya, na tangu hapo kila anapotajwa hakosi mtu wa kusikitika kwamba msanii mkubwa namna ile aliishia kwenye takataka ile.

Mimi nasema hakuishia popote. Alikuwa kazini, na kazi aliifanya. Nina sababu ya kulisema hili sasa, tena nikiwa Mtwara, na sababu yenyewe ni binti mmoja wa kikundi chetu cha maigizo. Ana kipaji kinachotisha. Akicheza mama aliyefiwa, watu waliomjua tangu akikimbia kimbia mitaa ya Chikongola wanafuta machozi. Sasa amepewa nafasi ya kucheza mlevi kwenye kichekesho cha kurushwa YouTube: aanguke kwenye tope, agombane na mbuzi, atembee na kanga aliyoivaa juu chini. Kikundi kikagawanyika. Mwalimu wetu, mzee aliyefundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, ambaye michezo yetu yote imepita mikononi mwake, akasema binti akikubali atakuwa amekitupa alichopewa na Mungu. Nikamwomba Mwalimu, kwa heshima zote, tukae siku moja niwawekee Street Fighter kwenye kompyuta, tuijadili kama kisa. Akakubali. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyasema siku ile, pamoja na mengine niliyoyafikiria baadaye.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Juliá alizaliwa San Juan tarehe 9 Machi 1940, baba yake akiwa mwenye mgahawa. Nafasi yake ya kwanza ya kuigiza aliipata akiwa mtoto wa darasa la kwanza: alikuwa shetani katika mchezo wa shule. Mwaka 1964 akahamia New York, na huko akaangukia kwa Joseph Papp, mtu aliyekuwa akionyesha tamthilia za Shakespeare katika bustani ya Central Park bila kiingilio, kwa sababu aliamini Shakespeare ni wa kila mtu, mwenye pesa na asiye nazo. Siku za mwanzo Juliá alicheza katika Macbeth ya Kihispania ambayo Papp aliizungusha mitaani. Baadaye akawa Edmund katika King Lear, akawa Petruchio mbele ya Meryl Streep mwaka 1978, akawa Othello, wote wahusika wa Shakespeare. Katikati ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto walimwona kwenye Sesame Street akiwa fundi wa kutengeneza vitu vilivyoharibika.

Kwenye filamu, mwaka 1985 alicheza mfungwa wa kisiasa katika Kiss of the Spider Woman, na 1989 akamcheza Óscar Romero, Askofu Mkuu wa San Salvador aliyepigwa risasi akiwa anaadhimisha misa Machi 1980. Miaka miwili tu baada ya askofu huyo akawa Gomez, yule baba mwenye masharubu katika The Addams Family, filamu ya vituko ambayo hakuna aliyeipeleka darasani. Mtu huyu alizoea kutoka kwa Shakespeare kwenda kwa fundi wa watoto, kutoka kwa askofu kwenda kwa Gomez, na sioni mahali alipoona haya. Wanaosema aliteremka mwaka 1994 hawakuwa wakimfuatilia.

Huo mwaka 1994 wenyewe unahitaji kutazamwa kwa utulivu, maana ndio unaotumiwa kumhukumu. Mara nyingi kinachosemwa ni kwamba alipoteza nguvu zake za mwisho kwenye upuuzi. Lakini mwaka huohuo alitoka pia kwenye filamu ya televisheni ya HBO, The Burning Season, akimcheza Chico Mendes, mgema utomvu wa mpira wa Brazili aliyewaongoza wenzake kuutetea msitu wa Amazon na akauawa Desemba 1988. Ni kazi nzito, ya huzuni, ya heshima, ile aina ambayo Mwalimu angeipigia makofi. Aliumwa sana wakati wa kuipiga picha, na bado akaimaliza. Ikaonyeshwa Septemba, yeye akafariki mwezi uliofuata, na mwaka 1995 kazi hiyo ikapewa tuzo mbili kubwa za Marekani, Emmy na Golden Globe, zikapokelewa kwa niaba yake. Kwa hiyo hakukuwa na kugombania. Mwili uleule uliokuwa ukipungua uliwabeba wote wawili, Mendes na Bison. Bison hakumnyang'anya Mendes kitu.

Sasa huyo Bison. Ni dikteta wa nchi ya kubuni. Anavaa sare nyekundu, buti ndefu na kofia ya kijeshi yenye fuvu. Ameteka wafanyakazi wa misaada anadai mabilioni ya dola, amechapisha noti zenye sura yake, na ana mchoro wa mji utakaobeba jina lake. Kwenye karatasi ni mhusika wa kitoto kabisa. Mwigizaji mvivu anaweza kumcheza kwa kupiga kelele na kukodoa macho, akachukua hela yake akaenda zake.

Kuna sehemu moja niliyowaonyesha wenzangu mara mbili. Chun-Li, anayechezwa na Ming-Na Wen, amefikishwa mbele ya Bison chumbani kwake. Anamsimulia kilichotokea miaka ishirini nyuma: Bison alivyokuja na watu wake kijijini kwao, baba yake alivyowakusanya wanakijiji wakamzuia, na jinsi baba huyo alivyouawa. Binti anazungumza kwa uchungu wa maisha mazima. Juliá anasikiliza. Anamwambia kwa adabu, sauti ya chini, kwamba anasikitika, hakumbuki lolote katika hayo. Chun-Li anashtuka: hukumbuki? Ndipo anapojibu kwamba kwa binti, siku ile Bison alipofika kijijini ndiyo siku kubwa kuliko zote maishani, lakini kwake yeye ilikuwa Jumanne tu.

Ukiangalia anavyolitamka jibu lile utaelewa kwa nini nabishana. Hapandishi sauti. Hacheki. Halisukumi neno la mwisho limchome mtu. Analiacha litoke lenyewe, kama vile kweli anajaribu kumsaidia binti aelewe. Pumzi imepangwa, sentensi ndefu imebebwa mpaka mwisho bila kuyumba, na hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa na jukwaa, mtu aliyezoea kuibeba mistari mirefu ya Shakespeare mbele ya watu walioketi nje kwenye bustani. Ukatili wote wa madikteta uko pale: wanatuulia wazazi na hawana habari. Maandishi yalimpa utani. Yeye akauchukua utani ule akaucheza kama jambo la kweli, na ukawa jambo la kweli.

Mwalimu ndiye aliyeniambia nirudishe nyuma tuone tena. Alipomaliza kuangalia akasema kipaji amekiona, hakubishi, na hapo hasa ndipo uchungu wake unapozidi: dhahabu namna hiyo imewekwa kwenye hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Na ni kweli, filamu ni mbovu. Gemu ilikuwa na wapiganaji wengi, na muongozaji, Steven de Souza, akawa na mzigo wa kuwaingiza karibu wote, kila mmoja apate dakika zake. Hadithi ikachanika chanika. Hata mapigano yenyewe, kwa filamu ya mapigano, ni mepesi. Juliá alifika kule amekonda kiasi cha ratiba kupangwa upya ili apate muda wa kurudisha mwili kidogo kabla ya kupigana. Haya yote nayakubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwa sababu chungu ni bovu basi mpishi naye kajivunjia heshima.

Halafu kuna jambo ambalo wahakiki wa kule hawakuwa na njia ya kulijua, ila sisi wa kusini tunalijua. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika yakishika barabara ilikatika, abiria wa Dar es Salaam wakalala njiani. Mtwara ilikuwa mbali hata na Tanzania yenyewe, sembuse na New York. Tamthilia za Central Park zingefikaje hapa? Ile filamu ya Askofu Romero hatukuiona. Ya mfungwa wa kisiasa hatukuiona. Kilichofika ni kanda za VHS, na kwenye kanda hizo mfalme alikuwa Van Damme. Ukiona jina lake limeandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya kibanda umiza, ulikuwa unatafuta hela ya kiingilio kwa namna yoyote, hata kwa kuokota korosho shambani kwa watu.

Mimi nilimwona Juliá kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha aina hiyo: mabenchi ya mbao, gunia dirishani kuzuia mwanga, jenereta linanguruma nyuma, deki juu ya meza na watoto wamekaa chini mbele kabisa. Kiingereza hatukukijua. Kijana mwenye kibanda ndiye aliyesimama pembeni akitueleza, mara anatafsiri, mara anatunga. Sote tulijua steringi hafi, kwa hiyo Van Damme hakututia wasiwasi. Aliyetushika ni adui. Ilipofika sehemu ya Jumanne kijana akatafsiri vizuri, kibanda kizima kikacheka, halafu kicheko kikakatika katikati, maana tulimwona yule binti uso wake na tukaona mzee yule hana hata habari. Watoto wa Mtwara, bila Kiingereza, tukapokea kazi ya mwigizaji wa Shakespeare kwa sauti yake na macho yake. Njia pekee iliyotufikishia kazi ile ni filamu hii inayodharauliwa.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba Juliá alijitupa jalalani, nauliza: jalala hilo ni nani? Ni sisi tuliokaa kwenye mabenchi yale. Dharau kwa filamu za namna hii huwa haiishii kwenye filamu. Inatiririka mpaka kwa wanaoziangalia, na anayeitamka mara nyingi hakukusudia hivyo, lakini ndivyo inavyosikika ukiwa umekaa upande huu. Papp aliwapelekea watu Shakespeare bustanini kwa sababu aliona wanastahili uigizaji bora. Juliá aliyatumikia maono hayo kwa miaka mingi, na sioni tofauti kubwa kati ya bustani ile na kibanda cha Masasi. Mtazamaji aliyelipa kidogo naye anastahili mwigizaji aliyekuja kazini kwa nguvu zote.

Wamakonde hili wanalijua kwa njia yao. Kwenye ngoma ya mapiko, anayecheza lipiko hufunikwa mwili mzima, kichwani amevaa barakoa ya mti aliyochonga fundi. Barakoa inaweza kuwa ya kutisha, inaweza kuwa ya mtu wa ajabu ajabu, ya kuchekesha, ya kumwigiza mgeni fulani kwa kejeli. Watu hawaendi pale kupima kama sura iliyochongwa ina hadhi ya kutosha kwa mchezaji. Wanatazama miguu na mabega, wanatazama kama anazijibu ngoma zinazopigwa, kama ile sura ya mti imepata uhai au imebaki mti. Nilimwambia Mwalimu, ambaye kwao ni Newala na haya anayajua kuliko mimi, kwamba ile kofia ya Bison mimi naitazama kwa jicho hilohilo. Alitabasamu, akasema lipiko halilipwi na Capcom.

Pesa, basi. Hoja hii huwa inaletwa kama aibu ya mwisho. Juliá alikuwa na watoto wawili wa kiume, walikuwa wapenzi wa gemu ile, na alikwenda nao kwenye kupiga picha. Baba mgonjwa anachagua kazi ambayo wanawe watafurahi kumwona ndani yake, na anakwenda nao ili wawe pamoja. Mimi sina ujasiri wa kumwambia baba huyo kwamba alipaswa kuchagua kitu ambacho wahakiki wangekipenda zaidi. Na hata ingekuwa ni malipo matupu, mvuvi wa Mikindani hatuulizi kama samaki wa leo ana heshima ya kutosha kwa ustadi wake. Msanii peke yake ndiye tunayemtaka ashibe sifa.

Lakini nikiri kwamba si kila anayechukua kazi ya chini anatetewa kwa utetezi huu. Michael Caine, mwigizaji mkubwa wa Uingereza, aliikosa sherehe ya Oscar ya mwaka 1987, siku aliyoshinda tuzo, kwa sababu alikuwa Bahamas akipiga filamu ya samaki papa, Jaws: The Revenge. Mwenyewe alishasema kwamba filamu hiyo hajaiona, ila nyumba iliyojengwa kwa malipo yake ameiona na ni nzuri sana. Simlaumu, nyumba ni nyumba. Ila huo ni utetezi wa haki ya mtu kupata riziki, na unaishia hapo. Kwa Juliá nadai zaidi: nadai kwamba kazi aliyoifanya ndani ya filamu mbovu ni kazi nzuri, isimame kwenye orodha moja na Othello wake, si kwenye tanbihi ya kumwombea radhi.

Hapa kwetu tulimfanyia hivyohivyo Mzee Majuto. Miaka yote tulimcheka kwenye vichekesho, tukamwita mchekeshaji kana kwamba uigizaji ni kitu kingine kinachofanywa na watu wengine. Alipofariki tarehe 8 Agosti 2018 ndipo watu wakaanza kuzungumzia alivyojua kusubiri, alivyoweza kunyamaza sekunde mbili mbele ya kamera na nyumba nzima ikaangua kicheko. Ustadi ule ulikuwepo siku zote. Ni sisi tuliokuwa tumeuwekea daraja la chini kwa sababu ulivaa msuli na kugombana na majirani.

Kikao chetu hakikuishia kwa kukubaliana. Mwalimu alibaki na hoja moja ambayo sikuweza kuivunja yote: mwigizaji mkubwa akiingia kwenye kazi hovyo, mwenye kazi hovyo anapata nguvu ya kutengeneza nyingine. Kuna ukweli hapo. Nilichomjibu ni kwamba anayetengeneza hovyo ataendelea hata akikosa mwigizaji mzuri, na atakayeumia ni mtazamaji. Alinitazama tu, akamgeukia binti, akamwambia: mwanangu, ukienda kwenye hilo tope, basi mlevi wako awe na jina, awe na nyumba aliyotoka, tujue amelewa kwa sababu gani hata kama hawakuandika. Hapo nilijua Mwalimu anaijua kazi hii kuliko sisi wote, na yale aliyomwagiza binti ndiyo niliyokuwa nikiyasema tangu asubuhi kwa maneno mengi.

Wiki hiyohiyo binti akaletewa nafasi ya pili, na watu wengine kabisa, yenye malipo mazuri zaidi. Humo alitakiwa amwigize mtu mwenye ulemavu wa kusema, na kichekesho kizima ni watu kumkimbiza na kumwigiza anavyotamka. Akaniuliza kama yale niliyosema kuhusu Juliá yanaifunika na hii. Hayaifuniki. Bison anamchekesha mtu kwa gharama ya madikteta, na mlevi wa kwenye tope anaanguka yeye mwenyewe. Hii ya pili inamwangusha jirani ambaye kesho atakutana na watoto wa mtaa wakimfanyia vilevile, na hakuna pumzi wala macho ya mwigizaji yatakayombadilishia hilo. Udhaifu wa maandishi mwigizaji anaweza kuubeba. Ubaya wa aina hii unabebwa na mtu ambaye hayupo kwenye mkataba. Binti aliikataa, na Mwalimu na mimi kwa mara moja tukawa upande mmoja.

Ya mlevi ameichukua. Kwa sasa anafanya mazoezi ya kutembea, jioni, uwanja wa nyuma wa shule, na ameshampa mlevi wake jina. Kupiga picha kutaanza minada ya korosho ikishatulia, maana mwenye kamera naye ana shamba Nanyamba.